Mtoto akichaguliwa chuo cha afya, kazi ndiyo kwanza inaanza



Kila mwaka, mahindi yakisha kuvunwa na vumbi likianza kujaa njiani, hodi huongezeka mlangoni mwa ofisi ya parokia. Huyu ataka cheti cha ubatizo, yule ataka barua ya kumtambulisha, na wa tatu amekuja na karatasi za Bodi ya Mikopo, apate mtu wa kuzisoma pamoja naye asije akakosea. Ni vijana waliomaliza Kidato cha Sita, na nyuma yao wamefuatana wazazi. Miongoni mwao hakosekani mmoja au wawili waliochaguliwa kusoma mambo ya afya: udaktari, uuguzi, ufamasia au kazi za maabara. Hao ndio nitakaosema habari zao juma hili.

Akipatikana mtoto wa namna hiyo kijiji kizima hufurahi. Kuku huchinjwa, mashangazi hupiga vigelegele, na watu husema, "Sasa tumepata daktari wetu." Furaha hiyo ni ya haki, wala siji kuizima. Lakini yafaa tuseme kweli: kuchaguliwa si kufaulu. Aliyechaguliwa ni kama mtu aliyepewa shamba. Bado hajafyeka, hajalima, hajapanda wala kupalilia. Tena katika wale wanaorudi nyumbani mwaka wa kwanza haujaisha, wengi si wajinga hata kidogo. Walikuwa vichwa vya darasa shuleni kwao. Wameshindwa kwa kuwa walifika mahali pageni wakiwa na desturi za zamani, na hakuna mtu aliyewaambia mapema mambo yatakayobadilika. Basi leo tuyaseme. Kijana asome, na mzazi asiyeweza kusoma asomewe.

VYUO VYENYEWE

Kwanza tujue twazungumza juu ya nini. Zamani za ukoloni Mtanganyika aliyetaka udaktari alikwenda mbali, mpaka Makerere kule Kampala, ambako masomo hayo yalianza mwaka 1924. Baada ya Uhuru nchi yetu ilifungua Chuo cha Udaktari cha Dar es Salaam mwaka 1963. Mwaka 1968 kikawa kitivo cha Chuo Kikuu, na mwaka 2007 kikawa chuo kikuu kamili, ndicho Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili. Huko Moshi iko KCMC, na Mwanza iko Bugando, ambako chuo cha udaktari cha Kanisa kilianza mwaka 2003.

Sisi wa Kilosa tunacho kilicho karibu zaidi, ndani ya mkoa wetu wenyewe. Ukipita Mikumi na Kidatu unafika Ifakara. Hapo Profesa Rudolf Geigy wa Basel, Uswisi, alianzisha maabara ndogo ya kuchunguza magonjwa ya nchi za joto. Maabara hiyo ndiyo iliyokua hata ikawa Taasisi ya Afya Ifakara inayojulikana leo duniani kwa kazi yake juu ya malaria. Na pembeni ya hospitali ya Mtakatifu Fransisko kiko chuo kikuu kishiriki cha afya kilichoanza mwaka 2010 chini ya Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino.

Mzazi ajue pia urefu wa safari. Udaktari ni miaka 5 chuoni, na baada yake mwaka 1 wa kufanya kazi hospitalini chini ya madaktari wakubwa. Hesabu miaka 6. Shahada ya uuguzi na ya ufamasia huchukua miaka 4, kisha mazoezi ya kazi. Anayefikiri kwamba mtoto ataanza kuleta mshahara baada ya mwaka wa pili atamsumbua bure.

MAMBO YANAYOBADILIKA

La kwanza ni kengele. Katika shule za bweni kengele ilimwamsha kijana, kengele ikamwita chakula, kengele ikampeleka kujisomea usiku, na mwalimu wa zamu akapita na fimbo yake. Chuo kikuu hakina kengele. Asipoingia darasani hakuna anayemfuata kitandani. Uhuru huo ni mtamu kwa majuma mawili matatu, halafu huwa mtego. Kijana lazima ajipigie kengele mwenyewe: saa ya kuamka, saa ya kusoma, saa ya kula, saa ya kulala. Aiandike ratiba hiyo siku ya kwanza na aibandike ukutani.

La pili ni wingi wa masomo. Mwaka wa kwanza wa udaktari hufundishwa anatomia, yaani jinsi mwili ulivyojengwa. Fiziolojia, yaani jinsi mwili unavyofanya kazi. Na baiokemia, yaani kemia ya vitu vilivyo hai. Kijana aliyezoea kumaliza sura moja ya kitabu kwa juma ataona sura tatu zimepita kwa siku moja. Asiogope, lakini asidanganyike kwamba atayashika yote usiku wa kuamkia mtihani. Nasema mfano. Mtu mzima ana mifupa 206. Ukiitazama hesabu hiyo kwa mara moja utakata tamaa. Lakini mkono mmoja, tangu kifundo hata ncha za vidole, una mifupa 27, na mguu mmoja, tangu kifundo hata vidole, una 26. Mikono miwili na miguu miwili hufanya 106. Maana yake, ukijifunza mkono mmoja na mguu mmoja vizuri, umekwisha kupita nusu ya hesabu yote, kwa sababu upande wa pili ni uleule. Ndivyo masomo mengi yalivyo: ukitafuta mpangilio wake, mzigo hupungua.

La tatu ni lugha. Mtoto wetu alisoma shule ya msingi kwa Kiswahili, na sekondari alisoma Kiingereza cha kukariri. Chuoni mwalimu husema Kiingereza upesi upesi, tena kimejaa maneno ya Kigiriki na Kilatini. Kijana mpya huandika kila neno asilolielewa, na usiku haelewi alichoandika. Dawa yake ni kujifunza mizizi ya maneno. Wewe wajua kwamba katika Kiswahili pika, mpishi, mapishi na upishi ni watoto wa mama mmoja. Maneno ya udaktari nayo ni hivyohivyo. Mwisho wa "itisi" hutaja uvimbe wenye moto. "Hepati" ni ini, basi hepatitisi ni uvimbe wa ini. "Nefri" ni figo, basi nefritisi ni uvimbe wa figo. "Atri" ni kiungo cha mifupa, basi atritisi ni uvimbe wa viungo. Atakayejifunza mizizi 50 ataweza kufungua mamia ya maneno bila kuyakariri moja moja.

Wala asione haya kujieleza somo kwa Kiswahili kwanza, ndipo alirudie kwa Kiingereza. Siku atakapoanza kusimama kando ya vitanda vya wagonjwa, mgonjwa hatamwambia habari za hepatitisi. Atamwambia, "Mwanangu, tumbo lanikata," au "Moyo wanienda mbio," au "Mwili hauna nguvu." Hapo mtoto aliyelelewa kijijini, anayejua namna wazee wanavyosema na namna ya kuwasalimu, atakuwa mbele ya wenzake waliotoka shule za gharama kubwa.

La nne ni kupoteza nafasi ya kwanza. Darasa zima ni watu waliokuwa wa kwanza makwao. Haiwezekani wote wawe wa kwanza tena. Kijana aliyezoea kusifiwa tangu darasa la pili huona aibu kubwa akiwa wa 80. Ajue kwamba wa 80 katika darasa hilo bado anaweza kuwa daktari mwema. Mgonjwa hamwulizi daktari alikuwa wa ngapi. Humtazama kama anajua kazi yake na kama anamsikiliza.

La tano wengi hawalisemi, nami nalisema. Katika somo la anatomia wanafunzi hujifunza kwa miili ya wafu iliyohifadhiwa kwa dawa. Dawa hiyo ni kali, huwasha macho na pua. Wengine huona kizunguzungu siku ya kwanza, wengine huchukia nyama kwa siku kadhaa. Huo si uchawi, wala si dalili kwamba kijana hafai. Asiingie na njaa, asimame karibu na mlango, na akijisikia vibaya amwambie mwalimu bila haya. Mwili ule ulikuwa mtu, mwana wa mtu, nao unamfundisha pasipo malipo. Autendee kwa heshima, asifanye mzaha, asipige picha. Nanyi wazee nyumbani, msimtishe kwa maneno ya mizimu. Pasipo somo hilo hakuna atakayeweza kumpasua mama anayeshindwa kujifungua na kumwokoa yeye na mtoto wake.

NAMNA YA KUSOMA

Nilipokuwa chuo cha ualimu tulikuwa tukisema kwamba anayefundisha hujifunza mara mbili. Jambo hilo wataalamu wamelipima. Mwaka 1885 Mjerumani mmoja, Hermann Ebbinghaus, alitoa kitabu juu ya kumbukumbu, baada ya kujipima yeye mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana. Aliona kwamba baada ya saa moja zaidi ya nusu ya kazi ya kukariri imepotea, na baada ya siku moja imepotea karibu theluthi mbili. Basi kijana anayesahau asijilaumu kwamba ana kichwa kibovu. Kusahau ni desturi ya binadamu. Kazi yake ni kurudia kabla somo halijatoka lote: arudie jioni ileile, arudie kesho yake, arudie baada ya siku tatu, na tena baada ya juma.

Lakini arudie namna gani? Wengi husoma kitabu kilekile tena na tena, huku wakipiga mistari ya rangi. Mwaka 2006 wataalamu wawili wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, walitangaza jaribio walilowafanyia wanafunzi wa chuo kikuu. Wanafunzi walipewa habari fupi za kusoma. Kundi moja walisoma, kisha wakasoma tena. Kundi la pili walisoma mara moja, kisha wakafunika na kuandika yote waliyoyakumbuka. Baada ya dakika 5, waliosoma mara mbili walikumbuka zaidi: 81 kwa mia, na wenzao 75. Lakini walipoulizwa baada ya juma moja, mambo yaligeuka. Waliosoma mara mbili walikumbuka 42 kwa mia, na waliojipima wenyewe walikumbuka 56 kwa mia.

Umeona, msomaji? Kusoma tena na tena humpa mtu raha ya kudhani anajua. Kujiuliza humwonyesha asichokijua, tena hukikaza kile anachokijua. Basi kijana afunge kitabu, achukue karatasi tupu, achore moyo na mishipa yake kwa kichwa chake, ndipo afungue kitabu asahihishe. Itamwudhi mwanzoni, maana ataona makosa mengi. Maudhi hayo ndiyo kujifunza kwenyewe.

Kikundi nacho ni kizuri, kile ambacho wanafunzi hukiita diskasheni. Kisizidi watu 5. Kila mmoja apewe kipande chake cha kuwafundisha wenzake, na wenzake wamwulize maswali. Kikundi ambacho mmoja husema na wengine huitikia "ndiyo, ndiyo" ni kijiwe tu cha kunywea chai. Kadhalika ajihadhari na madesa, yaani maandishi ya kunakili kwa waliotangulia. Ni msaada, lakini anayesoma madesa peke yake amekula makombo na kuacha chungu.

Tena aulize. Watoto wa vijijini tumewafundisha adabu ya kunyamaza mbele ya wakubwa, na adabu hiyo ni njema nyumbani. Chuoni, anayenyamaza huonekana ameelewa. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Akiona haya mbele ya watu 200, amfuate mwalimu baada ya somo, au amwulize mwanafunzi wa mwaka wa pili. Huyo wa mwaka wa pili alipita shimo lilelile mwaka jana, na anajua lilipo.

Mwisho wa fungu hili: alale. Usiku ndio wakati ubongo unapopanga ghala lake. Anayekesha usiku tatu mfululizo kwa kahawa huingia mtihani kama mtu mwenye homa. Na kama yuko mahali penye mbu wengi kama Ifakara, alale ndani ya chandarua. Itakuwa aibu mwanafunzi wa udaktari kukosa mtihani kwa malaria.

FEDHA

Bodi ya Mikopo, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 2004, huwakopesha wanafunzi fedha za chakula na malazi. Tuseme kiasi chake ni shilingi 10,000 kwa siku. Vijana wenyewe huziita bumu. Haziji kila siku, huja kwa mkupuo. Tuseme zimekuja za siku 60, hizo ni shilingi 600,000. Kijana ambaye hajapata kushika hata 50,000 zake mwenyewe anaona ametajirika. Ananunua simu ya 150,000, viatu vya 50,000, na anatuma nyumbani 100,000 kwa kuwa kaka ametaka bati. Zimebaki 300,000, yaani 5,000 kwa siku, za kulala, kula na kupiga chapa masomo. Katikati ya mwezi wa pili anashindia maji na mihogo, na mwanafunzi mwenye njaa hasomi.

Basi siku fedha zinapoingia afanye hesabu hii: atoe kodi ya chumba, atoe za vitabu na chapa, na zinazobaki azigawe kwa siku. Azitoe benki za juma moja moja. Na asisahau kwamba ni mkopo, utalipwa siku moja kutoka katika mshahara wake.

MTIHANI WA KWANZA

Hapa ndipo penye hatari kubwa, nami nitawapa kisa. Jina la kijana nalihifadhi, na chuo chake sikitaji. Ni wa upande wetu huu, mtoto wa mkulima wa mpunga. Kidato cha Sita alipita vizuri sana. Jaribio la kwanza la anatomia alipata 31 kwa 100. Hakuwa amepata kuona alama kama hiyo maisha yake yote. Hakumwambia mwalimu, hakumwambia rafiki, na baba yake akipiga simu alijibu, "Niko darasani, mzee, nitakupigia." Kumbe alikuwa haingii tena darasani. Aliona haya kuonekana. Alihama bweni akapanga chumba mbali na wenzake.

Baba yake alikuwa amekwisha kuuza magunia 12 ya mpunga kwa ajili ya mahitaji yake. Majibu yalipozidi kuwa mafupi, mzee yule alipanda basi akamfuata. Alimkuta amekonda, chumba kimefungwa madirisha mchana. Ilikuwa wiki ya tano hajakanyaga chuoni. Kijana alifikiri atapigwa au atalaaniwa. Mzee aliketi kitandani akasema, "Nimekuja kukuona wewe, sikuja kuona alama." Kesho yake walikwenda pamoja kwa mlezi wa wanafunzi. Kwa kanuni za chuo kile, kijana aliruhusiwa kuahirisha mwaka. Alirudi nyumbani, akalima na baba yake msimu mzima, na mwaka uliofuata akaanza upya. Jaribio la kwanza mara hii alipata 47. Hakukimbia. Alichukua karatasi yake akaenda nayo kwa mwalimu, akauliza swali moja baada ya jingine. Sasa yuko mwaka wa tatu.

Hata hivyo tusijifariji upesi. Mwaka mzima ulipotea, na yale magunia 12 hayakurudi. Na kilichoyapoteza si ile 31. Alama ya 31 ingeweza kushughulikiwa juma lilelile kwa msaada wa mwalimu na kikundi. Kilichoyapoteza ni wiki tano za kuficha.

Kwa hiyo kila kijana asome kitabu cha kanuni za chuo chake mwezi wa kwanza, kabla hajapata shida. Ajue jaribio lina uzito gani. Ajue akishindwa somo atapewa mtihani wa marudio, ule waitao sapu. Ajue ni mambo gani yanayomfanya mtu arudie mwaka, na ni yapi yanayomwondoa kabisa, yaani kudisko kama wasemavyo wenyewe. Anayejua kanuni hujua pia milango iliyo wazi: mwalimu wa somo, mshauri wa masomo, mlezi wa wanafunzi, na kasisi wa chuo kama yupo.

Nami naongeza hili kwa uzito wote. Kijana akiacha kula, akiacha kulala, akijitenga na watu, au akisema afadhali asingezaliwa, msiseme ni uvivu, wala msiseme ni pepo. Huo ni ugonjwa, na unatibika. Asiachwe peke yake. Apelekwe hospitali siku hiyohiyo, kama vile ambavyo mngempeleka mwenye homa kali.

KWA WAZAZI

Sasa nanyi baba na mama. Ninyi hamwezi kumfundisha anatomia, lakini kazi yenu ni kubwa kuliko mnavyodhani.

Mpigieni simu siku moja ya juma iliyo maalum, mathalani Jumapili jioni. Mwulizeni kwanza kama anakula na kama analala, ndipo mwulize masomo. Mtoto anayeulizwa alama tu hujifunza kuficha alama.

Msimpelekee kila ugomvi wa nyumbani. Habari za mbuzi walioingia shamba la jirani zinaweza kungoja likizo. Lakini msimfiche msiba wala ugonjwa mkubwa, maana akisikia kwa watu wengine hatawaamini tena.

Msimwombe dawa. Nimeona bibi mmoja akimwonyesha mjukuu wake goti, na huyo mjukuu ana miezi mitatu tu chuoni. Bibi alitaka aandikiwe dawa, na kijana aliona haya kusema hajui. Mwanafunzi bado si daktari. Daktari ni yule aliyemaliza na kuandikishwa na Baraza la Madaktari. Mwenye goti aende zahanati, au hospitali ya Kilosa, au ya Mtakatifu Kizito pale Mikumi. Mjukuu amsindikize, hiyo ndiyo kazi yake kwa sasa.

Msifanye bumu lake kuwa shamba la ukoo. Kama hali ya nyumbani ni ngumu, semeni naye waziwazi kabla hajaondoka, akubali kiasi kidogo au msikubaliane kabisa.

Kwa mabinti naongeza: hakikisheni analala mahali salama, hata kama ni ghali kidogo. Wala msimpigie simu za mchumba kila mwezi. Binti mwenye miaka 21 na kitabu mkononi hajachelewa kitu.

Na la mwisho, mwulizeni kama yeye mwenyewe ataka kazi hiyo. Wako watoto waliopelekwa udaktari kwa sababu baba alitaka kuitwa baba daktari. Kusoma miaka 6 jambo usilolipenda ni kama kubeba gunia la mtu mwingine kupanda mlima. Kama alitaka ualimu, au kilimo, nchi hii inawahitaji hao pia.

Juma hili vijana wetu wengine watakuwa wanafunga mizigo. Godoro jembamba, ndoo, chandarua, na ule mfuko wa unga ambao mama hakubali ubaki. Mpeni na haya. Kata ukurasa huu ukauweke ndani ya daftari lake la kwanza. Na wewe kijana unayesoma, ukipata 31, usifunge madirisha. Piga simu nyumbani jioni ileile, na asubuhi uwe mlangoni kwa mwalimu na karatasi yako mkononi.

Kwaherini mpaka juma lijalo.

Karani wa Parokia,
Mabwerebwere